Kata Moja, Majina Matatu: Orodha Tegemezi Katika Daftari la Mfanyabiashara wa Nachingwea na Ruangwa

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kufunga hesabu za msimu katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa anajua kuwa mzigo hauibiwi barabarani tu. Mwingine hupotea katika daftari. Gunia limepimwa, limepakiwa na limefika ghalani salama, lakini katika hesabu halionekani kwa sababu karani mmoja ameandika Ruponda, wa pili ameandika Luponda, na wa tatu ameandika Ruponda akaacha nafasi tupu mwishoni. Kwa macho ya binadamu hiyo ni kata moja. Kwa kompyuta ni kata tatu.

Ukurasa huu kwa kawaida hushughulika na bei. Wiki hii tunaweka bei pembeni kidogo na kuzungumzia chombo kimoja kidogo ndani ya lahajedwali, yaani lile jedwali la kompyuta ambalo wengi hulijua kwa jina la Excel. Chombo hicho ni orodha kunjuzi tegemezi. Orodha kunjuzi ni ile inayofunguka chini ya seli ukibonyeza mshale, nawe unachagua badala ya kuandika. Huitwa tegemezi pale ambapo yale yanayoonekana katika orodha ya pili hutegemea ulichochagua katika ya kwanza: ukichagua wilaya ya Ruangwa, safu inayofuata inakuletea kata za Ruangwa peke yake, wala hupati hata moja ya Nachingwea.

Si jambo jipya. Uwezo wa kuweka masharti katika seli uliingia katika Excel toleo la 97. Hata hivyo, madaftari mengi ya biashara ya mazao bado hujazwa kwa kuandika kila neno kwa mkono, na gharama yake huonekana siku ya kulipana.

Kwanza tuangalie mambo yalivyo. Mazao makuu ya biashara ya ukanda huu ni korosho, ufuta na mbaazi, na huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2005 na mfumo ukaanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka mazao kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, chama hukusanya na kusafirisha hadi ghala kuu, stakabadhi hutolewa, kisha mzigo huingia mnadani. Juu ya vyama hivyo kipo Chama Kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake ni herufi za mwanzo za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kwa hiyo mnunuzi, msafirishaji au mtu mwenye hisa katika lori moja anajikuta akishughulika na wilaya tatu, makumi ya kata, na ndani ya kata vyama zaidi ya kimoja. Kila mzigo una zao, na korosho zina daraja la kwanza na la pili kwa bei tofauti.

Majina yenyewe nayo hayasaidii. Nachingwea ina kata ya Mnero Miembeni na kata ya Mnero Ngongo. Ina Kipara Mnero na Kipara Mtua. Karani akiandika "Mnero" pekee, ni ipi kati ya hizo? Akiandika "Kipara"? Lori linaweza kwenda upande mmoja na mzigo uko upande mwingine, na dizeli haina marejesho. Kata ya Mandawa ipo Ruangwa, na Mandawa nyingine ipo Kilwa. Kuna hata kata ya Nachingwea ambayo haipo wilaya ya Nachingwea, bali ipo Ruangwa! Mgeni akiona "Nachingwea" katika vocha hawezi kujua kama ni wilaya au ni kata iliyo mwendo wa kutosha kutoka huko. (Nachingwea mjini nako kuna kata inayoitwa Stesheni, ingawa treni iliyoletwa na mpango wa karanga wa Waingereza haijapiga honi pale tangu miaka ya 1960. Majina huku hudumu kuliko vitu.)

Tuchukue mfano wa kubuni. Msafirishaji amebeba magunia 40 yaliyoandikwa Ruponda, 35 yaliyoandikwa Luponda, na 25 ya Ruponda yenye nafasi tupu mwishoni. Anaiomba kompyuta ijumlishe mizigo ya Ruponda kwa fomula ya SUMIFS. Jibu ni 40. Magunia 60 yapo katika faili lakini hayapo katika jumla, na hati ya madai inakwenda ikiwa na magunia 40. Au mfano wa daraja: tani 10 za korosho zimeandikwa daraja la kwanza kumbe ni la pili, na tofauti ya bei kati ya madaraja hayo tuseme ni shilingi 300 kwa kilo. Hesabu hiyo ina kosa la shilingi 3,000,000, na halitaonekana mpaka mtu mwingine alilinganishe na stakabadhi.

Sasa tuingie kazini. Maelezo haya ni ya Excel ya kompyuta. Menyu zake ziko kwa Kiingereza, hivyo tutazitaja kama zinavyosomeka kwenye kioo.

Tengeneza faili lenye karatasi mbili. Ya kwanza iite Daftari, na mstari wa juu uandike vichwa: safu A Tarehe, B Wilaya, C Kata, D Chama, E Zao, F Daraja, G Magunia, H Kilo. Ya pili iite Orodha. Hii ya pili ndiyo ghala la majina. Karani haruhusiwi kuigusa.

Katika karatasi ya Orodha, safu ya kwanza ipe kichwa Wilaya, na chini yake andika Nachingwea, Ruangwa na Liwale. Ruka safu moja, kisha andika kichwa W_Nachingwea na chini yake kata zote za Nachingwea unazofanya nazo biashara. Safu inayofuata kichwa chake W_Ruangwa na kata zake, kisha W_Liwale. Kile kimstari cha chini baada ya herufi W kina kazi yake, tutaieleza.

Chagua safu moja, kuanzia kichwa mpaka jina la mwisho, bila kuchukua seli tupu. Nenda Formulas, kisha Create from Selection, weka alama kwenye Top row peke yake, kubali. Tayari kompyuta imelipa eneo hilo jina la kichwa chake. Rudia kwa kila safu, moja moja. Ukichagua safu zote kwa mkupuo mmoja, zile fupi zitabeba seli tupu za chini, na utakuja kuona jinsi seli tupu zinavyoharibu kazi. Ukitaka kuhakikisha majina yameingia, bonyeza Ctrl pamoja na F3 na orodha yake itafunguka.

Rudi kwenye Daftari. Chagua seli B2 hadi B500. Nenda Data, kisha Data Validation. Mahali palipoandikwa Allow chagua List, na katika Source andika:

=Wilaya

Sasa chagua C2 hadi C500, fanya vivyo hivyo, ila katika Source andika:

=INDIRECT("W_"&B2)

Fomula ya INDIRECT ndiyo kiini cha mambo yote. Kazi yake ni kuchukua maandishi na kuyageuza kuwa anwani. B2 ikisomeka Ruangwa, maandishi yanakuwa W_Ruangwa, na INDIRECT inakwenda kulifungua eneo lenye jina hilo. Ni kama kumtuma kijana dukani na karatasi yenye jina la bidhaa: yeye hajui bidhaa, anajua kusoma jina na kwenda kwenye rafu yenye jina hilo. Herufi moja ikipishana anarudi mikono mitupu.

Ukibonyeza OK huenda kompyuta ikakuonya kuwa chanzo kwa sasa kinaleta kosa na kukuuliza kama uendelee. Wengi huogopa hapa na kuacha. Usiogope. Onyo limekuja kwa sababu B2 bado ni tupu. Kubali, kisha chagua wilaya katika B2 na ujaribu mshale wa C2.

Angalia pia kwamba tumeandika B2 na si $B$2. Mwandishi wa ukurasa huu aliwahi kuweka alama hizo za dola kwa kudhani anaongeza usalama. Mistari karibu 500 ikawa inaitazama wilaya ya mstari wa pili pekee, na Ruangwa nzima ikawa inaletewa kata za Nachingwea. Siku nzima ilipita kabla ya kugundua.

Hatua ya tatu, yaani kutoka kata kwenda chama, ndiyo inayowashinda wengi, na katika wilaya zetu ina mitego mitatu. Wa kwanza ni jina kujirudia. Mtu akiita eneo la kata za wilaya "Nachingwea", kisha akataka kuita "Nachingwea" eneo la vyama vya ile kata ya Ruangwa, kompyuta haitakubali majina mawili yanayofanana katika faili moja. Ndiyo maana tukaweka W mbele ya wilaya. Na kwa kata tutatumia jina la wilaya na la kata kwa pamoja, mathalani Ruangwa_Nachingwea. Kwa njia hiyo hata Mandawa ya Kilwa ikija kuongezwa haitagongana na ya Ruangwa.

Mtego wa pili ni nafasi. Jina la eneo haliruhusiwi kuwa na nafasi katikati, kwa hiyo Mnero Ngongo lazima iwe Nachingwea_Mnero_Ngongo. Wa tatu ni kile kidoti cha ng'. Narung'ombe ya Ruangwa, ambayo vitabu vya historia huitaja kwa mapigano ya Julai 1917, haiwezi kuwa jina la eneo ikiwa na alama hiyo, iandike Ruangwa_Narungombe. Vivyo hivyo kwa Nang'ondo ya Nachingwea.

Lakini karani achague Narung'ombe kamili, kama inavyopaswa kuandikwa, na fomula ndiyo ifanye kazi ya kusafisha. Katika safu D, Source iwe:

=INDIRECT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2&"_"&C2," ","_"),"'",""))

SUBSTITUTE ya ndani inabadili nafasi kuwa kimstari cha chini. Ya nje inaondoa alama ya ng'. Tahadhari moja: ukinakili majina kutoka barua iliyochapwa, alama hiyo mara nyingi huja ikiwa imejikunja, nayo kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. Orodha itakataa kufunguka na hutaona sababu kwa macho. Andika majina ya ng' upya kwa mkono katika karatasi ya Orodha.

Zao na daraja ni rahisi zaidi. Tengeneza eneo Mazao lenye Korosho, Ufuta na Mbaazi. Kisha D_Korosho lenye daraja la kwanza na la pili, na D_Ufuta na D_Mbaazi kwa namna mnavyotenganisha mzigo wenu, tuseme uliopepetwa na usiopepetwa. Source ya safu E ni =Mazao, na ya safu F ni =INDIRECT("D_"&E2). Faida yake ni kwamba karani hawezi tena kuupa ufuta daraja la korosho. Kosa la kuipa korosho daraja lisilo lake bado lipo. Hilo linatibiwa na stakabadhi iliyo mkononi, kompyuta haina la kufanya.

Kuna ile alama ya Ignore blank katika dirisha la Data Validation. Kompyuta huja ikiwa imeiweka yenyewe. Iondoe. Ikibaki, na eneo lenye jina likiwa na hata seli moja tupu, karani anaweza kuandika chochote atakacho na hakuna onyo litakalotokea. Mlango uko wazi wakati mwenye duka anadhani umefungwa. Vilevile mtu anaweza kuanza na kata kabla ya wilaya, jambo ambalo linaua maana yote ya orodha tegemezi. Katika kipande cha Error Alert cha dirisha hilohilo andika ujumbe wako mwenyewe kwa Kiswahili, kama vile "Kata hii haipo katika wilaya uliyochagua". Karani wa ghalani saa mbili usiku hana muda wa kutafsiri Kiingereza cha kompyuta.

Lililo baya kuliko yote ni hili. Karani anachagua Nachingwea, anachagua Naipanga, kisha anagundua amekosea wilaya na anabadili B kuwa Ruangwa. Kata ya Naipanga inabaki palepale! Kompyuta hukagua seli pale inapojazwa; haigeuki nyuma kuitazama upya seli jirani. Sasa una mstari unaosema Naipanga iko Ruangwa, na umeandikwa na daftari lile lile ulilolitengeneza ili kuzuia makosa ya namna hiyo.

Wapo wanaofunga wilaya mara kata inapojazwa, kwa kuandika katika Source ya safu B:

=IF(C2="",Wilaya,INDIRECT("Hakuna"))

Kwa kuwa hakuna eneo lenye jina Hakuna, orodha ya wilaya haifunguki mpaka kata ifutwe kwanza. Inafanya kazi, ila makarani huichukia, na karani akikichukia chombo atatafuta njia ya kukizunguka. Kwa maoni yetu rangi ni bora zaidi. Chagua C2 hadi C500, nenda Home, Conditional Formatting, New Rule, chagua kutumia fomula, na uandike:

=AND(C2<>"",IFERROR(COUNTIF(INDIRECT("W_"&B2),C2),0)=0)

Weka rangi nyekundu. Kata yoyote isiyo ya wilaya iliyo pembeni yake itawaka papo hapo, na msimamizi ataiona akiwa amesimama mlangoni.

Rangi hiyo inasaidia pia dhidi ya adui mwingine, naye ni kunakili na kubandika. Karani akibandika mistari kutoka faili jingine, masharti ya seli yanafutwa na kubadilishwa na ya seli zilizotoka huko. Mfundishe kubandika thamani tu, kwa Paste Special kisha Values. Bado kompyuta haitakagua kilichobandikwa, lakini orodha itabaki hai, na baadaye unaweza kwenda Data, Data Validation, Circle Invalid Data, nayo itazungushia duara kila kisicho halali. Fanya hivyo kila jioni kabla ya kutuma hesabu.

Kuhusu kuongeza majina: chama kipya kikija, usikiandike chini ya jina la mwisho katika Orodha, kwa kuwa kitakuwa nje ya eneo. Ingiza seli katikati ya orodha, uandike humo. Eneo litajinyoosha lenyewe.

Wafanyabiashara wanaonunua mbali zaidi, hadi Masasi na Tandahimba, wataona kuwa eneo kwa kila kata ni kazi kubwa. Ipo njia ya orodha moja ndefu yenye safu mbili, wilaya kushoto na kata kulia, katika karatasi iitwayo Kata. Source inakuwa:

=OFFSET(Kata!$B$1,MATCH(B2,Kata!$A$1:$A$500,0)-1,0,COUNTIF(Kata!$A$1:$A$500,B2),1)

MATCH inatafuta mahali wilaya inapoanzia, COUNTIF inahesabu kata zake ni ngapi, na OFFSET inakata kipande hicho. Hapa majina ya maeneo hayahitajiki, wala ng' haisumbui. Sharti lake ni moja: wilaya lazima zipangwe pamoja. Nachingwea moja ikijitenga chini ya Ruangwa, kata yake haitaonekana na mahali pake itaingia ya jirani.

Wasio na fedha ya kulipia Excel wanaweza kutumia LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure. Humo ingia Data, Validity, chagua Cell range, na fomula zile za INDIRECT hufanya kazi. Google Sheets ni tofauti. Orodha yake haipokei fomula moja kwa moja. Huko itabidi uwe na karatasi ya pembeni, tuseme Msaada, ambamo kila mstari wa Daftari una mstari wake. Orodha iwe na wilaya safu A na kata safu B, na katika A2 ya Msaada uandike:

=IFERROR(TRANSPOSE(FILTER(Orodha!$B$2:$B$200,Orodha!$A$2:$A$200=Daftari!B2)),"")

Inyooshe chini kwa mistari yote, kisha orodha ya C2 ielekeze kwenye Msaada!A2:AN2 bila alama za dola. Tumeweka AN, yaani safu 40, kwa sababu kata za Nachingwea ni zaidi ya 30 na safu 26 za kawaida hazitoshi.

Ufuta huanza kuingia maghalani kati ya Mei na Juni, mbaazi hufuata, na korosho huanza Oktoba. Kazi hii ifanywe kabla, wakati makarani hawana foleni ya malori. Na kabla ya kufunga karatasi ya Orodha kwa neno la siri, ichapishe, wapelekee makatibu wa vyama unaofanya nao kazi, kila mmoja asome majina ya upande wake na kusahihisha kwa kalamu. Wao ndio wanaojua kama chama chao kinaandikwa kwa R au kwa L.